Bunduki ya marehemu baba: hati ya mwenyekiti wa kijiji haitoshi

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Kasulu. Ameacha bunduki ya mitutu miwili aliyokuwa akiimiliki kihalali. Leseni yake ipo, na kuna risasi chache kwenye kopo. Tumepata mnunuzi kutoka Kibondo, mkulima mwenye uwezo, anasema tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mashahidi wawili, tumalizane. Advansi ameshatoa. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema kule mtu anamuuzia jirani yake bunduki bila kuiuliza serikali, na kwamba taratibu zetu ni mianya ya rushwa tu. Je, hati ya mwenyekiti inatosha? Na haya madaftari yanayotunzwa madukani na polisi yana faida gani kwa mtu kama mimi? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Haitoshi. Naomba usisaini karatasi hiyo hata kama mwenyekiti ni mtu mnayemwamini na mihuri yake iko sawa. Kwa ng'ombe au baiskeli, hati ya namna hiyo inakulinda. Kwa bunduki inakuangamiza, kwa sababu utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba ulikaa na silaha usiyo na leseni nayo, ukaipokelea fedha, na ukamkabidhi mtu ambaye hukuona kibali chake. Mwenyekiti na mashahidi wawili nao watakuwa wameweka majina yao chini ya maneno hayo. Mwendesha mashtaka hatakuwa na haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Leseni ya baba ilikuwa ya baba. Haihami kwenda kwa mjane, wala kwa mtoto mkubwa, wala kwa ukoo. Tangu siku alipofariki, hakuna mtu nyumbani kwenu mwenye haki ya kukaa na ile bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20 inakataza kumiliki silaha bila leseni, na kifungu cha 21 kinagusa risasi. Kosa hilo hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na adhabu yake tangu marekebisho ya mwaka 2016 ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Nayataja haya kwa uchungu. Nimewaona wakulima wa mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, wakisimama kizimbani kwa sababu ya gobore walilolindia mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Wengine hawakuwahi kumwelekezea mtu mtutu maisha yao yote. Hakimu akishaona silaha ipo na leseni haipo, nafasi yake ya kuhurumia ni ndogo mno.

Kwa hiyo kabla ya habari za madaftari, fanya hili leo. Usiibebe bunduki kwenye bodaboda wala kwenye basi kuipeleka kituoni. Ukikamatwa njiani nayo, maelezo yako hayatakuwa na uzito. Nenda wewe mikono mitupu, na leseni ya baba na cheti cha kifo, ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Eleza kwamba mmiliki amefariki na silaha iko nyumbani, na uombe waje kuichukua au wakupe askari wa kwenda nawe. Mtendaji wa kijiji ajulishwe pia. Ikipokelewa, dai hati ya mapokezi iliyoandika aina ya bunduki, jina la mtengenezaji, namba yake, hali yake, na idadi ya risasi. Hesabuni zile risasi pamoja na askari, moja moja, kabla hajaandika. Na iandikwe wazi kwamba silaha imepokelewa kwa ajili ya kuhifadhiwa kwa sababu mmiliki amefariki. Kielelezo cha kesi huandikwa kwingine na hutoka kwa njia nyingine. Silaha ya marehemu ikichanganywa na vielelezo, kuitoa tena ni kazi.

Sasa madaftari. Umeuliza yana faida gani kwa mtu kama wewe, na swali hili nimelisubiri miaka mingi, kwa sababu watu wengi hudhani ni mzigo tu aliotwishwa mwenye duka.

Daftari la duka la silaha, hata lile la kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula, lina pande mbili. Upande wa kushoto ni maingizo: tarehe silaha ilipofika, imetoka kwa nani, aina yake, mtengenezaji, kipenyo cha mtutu, namba. Upande wa kulia ni matoleo: tarehe ilipotoka, imeenda kwa nani, anakaa wapi, namba ya leseni au kibali chake, sahihi. Kila silaha ina mstari mmoja unaovuka kurasa zote mbili. Ikiwa kushoto kumejaa na kulia ni kweupe, maana yake ni moja tu: silaha hiyo lazima iwe rafuni wakati huo huo. Mkaguzi anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza maswali. Anaorodhesha mistari iliyo wazi upande wa kulia, kisha anaingia stoo na kutafuta kila namba. Akimaliza anageuza: anashika silaha zilizopo, moja moja, na kutafuta mstari wake daftarini. Safari ya kwanza hufichua silaha iliyotoka kwa mlango wa nyuma. Ya pili hufichua iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Ukifanya moja tu umefanya nusu ya ukaguzi, na mwenye duka mjanja anajua ni nusu ipi unayopenda.

Kosa likiandikwa halifutwi kwa wino mweupe. Hukatwa kwa mstari mmoja ili yale ya awali yaendelee kusomeka, yakaandikwa sahihi juu yake, na aliyesahihisha akatia saini na tarehe. Ukurasa uliochanwa ni jambo zito kuliko ukurasa wenye makosa kumi.

Na makosa yapo, hasa kwenye namba. Sifuri huandikwa kama herufi O, nane ikawa B, moja ikawa I. Kuna mwandishi aliyeona 12 imegongwa kwenye mtutu akadhani ndiyo mwanzo wa namba, kumbe ni kipenyo. Kwenye bunduki ya mitutu miwili kama ya baba yako, mara nyingi namba huwa zaidi ya sehemu moja: kwenye chuma cha katikati kinachobeba vifyatulio, chini ya mitutu ukiikunjua, na pengine kwenye kipande cha mbele kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto. Zote zinatakiwa zilingane. Zisipolingana, basi mahali fulani huko nyuma mtu alioanisha mitutu ya bunduki moja na mwili wa nyingine, na inabidi ijulikane ni ipi iliyosajiliwa. Ndiyo maana nasema namba isomwe mbele yako siku ya makabidhiano, ilinganishwe na ile ya leseni ya baba na ile ya usajili wa Tanzania, ambayo polisi wetu huiandika TZCAR. Herufi moja ikikosewa pale, wewe ndiye utakayesumbuka baadaye.

Tuseme sasa askari wa doria wameikuta bunduki kwenye mtumbwi uliotelekezwa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Hakuna mtu, ipo bunduki tu. Wana namba. Namba inapelekwa kwa msajili wa silaha, na msajili anaangalia iliingia nchini lini, ikapelekwa duka gani, duka likamuuzia nani, huyo akamhamishia nani. Mistari ikiwa imekamilika, hiyo ni kazi ya simu chache, na mwisho wake kuna jina la mtu aliyekuwa nayo jana au aliyeripoti kuibiwa mwezi uliopita. Mstari ukikatika katikati, upelelezi unasimama kwenye jina la mwisho lililoandikwa, na huyo ndiye anayegongewa mlango usiku. Ukimuuzia yule bwana wa Kibondo kwa hati ya kijiji, jina la mwisho kwenye rejesta litabaki kuwa la marehemu baba yako. Naye akimuuzia mwingine, na huyo mwingine akamwazima mtu wa tatu, watakaoulizwa ni ninyi watoto. Faida ya daftari kwa mtu kama wewe ndiyo hiyo: linasema tarehe ambayo silaha ilitoka mikononi mwa familia yenu.

Binamu yako hajasema uongo, ila amekuambia nusu. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, anayefanya biashara ya kuuza silaha Marekani lazima awe na leseni ya serikali kuu na atunze daftari la maingizo na matoleo lisilotofautiana sana na hilo nililokueleza. Anaposhika silaha mpya, anatakiwa aiandike kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha. Anapoitoa, ndani ya siku saba. Ikiibwa au ikipotea dukani, ana saa 48 za kuripoti. Mnunuzi hujaza fomu wanayoiita 4473, akaapa kwa sahihi yake kwamba hakatazwi kisheria, na tangu Novemba 1998 jina lake huulizwa kwenye mfumo wa taifa wa ukaguzi kabla hajakabidhiwa silaha.

Anachokizungumzia binamu ni mauzo kati ya watu wawili ambao hawafanyi biashara ya silaha. Sheria ya serikali kuu hailazimishi mauzo hayo yapite dukani, mradi wote ni wakazi wa jimbo moja na muuzaji hana sababu ya kujua kwamba mnunuzi amekatazwa. Lakini Marekani ina majimbo 50, na kila moja hutunga sheria zake juu ya hiyo. California hata wewe na jirani yako mkikubaliana bei, lazima mwende kwa muuzaji mwenye leseni, aandike taarifa ya mauzo na kuituma kwa idara ya sheria ya jimbo, na bunduki ikae siku kumi kabla ya kukabidhiwa. Illinois, kwa sheria iliyosainiwa Januari 2019, ilitaka wenye maduka wapate pia idhini ya polisi wa jimbo juu ya ile leseni ya serikali kuu. Kuna majimbo mengine ambayo hayaongezi lolote. Kwa hiyo mwulize binamu anakaa jimbo gani, kisha ndipo mzungumze.

Wamarekani wenyewe wanaonja gharama ya pengo hilo la mauzo yasiyoandikwa. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali yao kuu kujenga rejesta ya taifa ya wenye bunduki. Kumbukumbu za mauzo hubaki dukani kwa muuzaji, na duka likifungwa, vitabu na fomu hupelekwa kituo cha kufuatilia silaha kilichoko Martinsburg, West Virginia. Maboksi yamefika mengi kiasi kwamba mengine yamewahi kuwekwa kwenye makontena nje ya jengo. Kurasa hupigwa picha, lakini kwa sababu ya makatazo hayo mfumo hautafuti kwa jina la mtu. Mtumishi anafungua picha za duka husika na kuzipitia kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa. Anafuata njia ile ile: mtengenezaji, muuzaji wa jumla, duka, mnunuzi wa kwanza. Hapo kwa mnunuzi wa kwanza ndipo njia inapofika mwisho mara nyingi, kwa sababu alimuuzia jirani bila maandishi. Kinachobaki ni kumtafuta huyo mnunuzi na kumwomba akumbuke.

Nadhani unaona: pengo hilo la Marekani ndilo hasa ambalo mnunuzi wako anakuomba ulifungue Kasulu. Na Kasulu haiko katikati ya nchi. Burundi iko kaskazini yetu, Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na watu wazima wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya kwenda Nyakanazi yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Watu huwatupia lawama wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta kwa kila risasi iliyolia porini, na kwa maoni yangu ni dhuluma. Wengi wao walifika wakikimbia silaha hizo hizo. Silaha huvuka pale penye mnunuzi asiyeulizwa na muuzaji asiyeandika, awe wa upande wowote wa mpaka. Nchi za eneo letu zililiona hilo zilipokutana Nairobi na kusaini Itifaki ya tarehe 21 Aprili 2004, Tanzania, Burundi na Kongo zikiwemo. Itifaki hiyo inataka silaha igongwe chapa inapotengenezwa na inapoingizwa nchini, kumbukumbu zake zitunzwe, na nchi zisaidiane kufuatilia namba ikikutwa kwa jirani. Bunduki isiyo na chapa haifuatiliki, na ndilo tatizo la magobore yanayofuliwa na mafundi wa vijijini kwa vipande vya bomba: hayana namba, hayana mstari kwenye daftari lolote, na hulipuka usoni mwa mwenyewe. Kama kuna ndugu yako anayo ya namna hiyo, mwambie asikilize redio. Wizara ya Mambo ya Ndani imewahi kutoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na kikitangazwa kingine asikiache kipite.

Jambo moja zaidi kuhusu madaftari, maana husemwa mara chache. Bunduki iliyotunzwa kwa mafuta huishi kuliko aliyeinunua na kuliko karatasi iliyoandika mauzo yake. Hiyo ya baba yako inaweza kuwa imeshapita mikono mitatu. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulikubaliana hati ya kimataifa ya ufuatiliaji wa silaha ndogo, nayo inataka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe si chini ya miaka 30 na nyinginezo si chini ya miaka 20. Wamarekani walikuwa wakiwaruhusu wenye maduka kutupa fomu za zaidi ya miaka 20. Tangu Agosti 2022 kanuni inataka zitunzwe moja kwa moja, hadi duka lifungwe na zihamie Martinsburg. Huku kwetu adui mkubwa wa kumbukumbu hana hila: ni mchwa na unyevu. Daftari lililowekwa sakafuni Tabora msimu mmoja wa mvua linaweza kugeuka udongo. Ndiyo maana nasisitiza kila familia itunze nakala zake. Leseni ya baba, risiti za ada, hati ya mapokezi utakayopewa sasa: zote zipigwe nakala na picha kwa simu, ziwekwe kwa watu wawili tofauti.

Kuhusu kuuza, inawezekana, ila kwa mpangilio wake. Kwanza ukoo ukae, mteue msimamizi, mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, na mahakama itoe barua ya usimamizi. Bila hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, iwe bunduki au kiti. Wakati huo, bwana wa Kibondo aanze maombi yake mwenyewe ya kumiliki silaha kwao, kuanzia serikali ya kijiji na kata, kisha polisi wilaya na kamati ya usalama, mkoa, hadi kwa msajili. Watamwuliza anaitaka ya nini, ataitunza wapi, na tabia yake kijijini ikoje. Asipokubaliwa, biashara imekufa, na umepona. Akikubaliwa, msimamizi anaandika kupitia kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kuomba silaha ihamishwe kutoka jina la marehemu kwenda jina lake, na makabidhiano yanafanyika kituoni, ikitoka kwenye hifadhi ya polisi kwenda kwake. Fedha zibadilishane mikono siku hiyo. Mkiona safari ni ndefu, njia nyingine ni kumuuzia muuzaji mwenye leseni kwa ruhusa ya polisi, au mmoja wenu kuiombea leseni mwenyewe. Au mnaweza kuiachia serikali iiharibu. Hiyo ya mwisho haina aibu yoyote, na kama hakuna kati yenu anayeihitaji kwa kazi ya kweli, mimi ningeichagua.

Rushwa: siwezi kukuambia haipo. Lakini malipo halali ya serikali yana namba ya malipo na risiti, na unaweza kuyalipa kwa simu bila kumshika mtu mkono. Anayekudai pesa isiyo na namba hiyo, usibishane naye. Chukua jina na tarehe, upige TAKUKURU 113, ni bure. Kumkwepa mla rushwa kwa kuvunja kifungu cha 20 ni kumpa sababu ya kukudai pesa nyingi zaidi kesho.

Advansi mrudishie yote wiki hii, kwa M-Pesa au benki ili kubaki na kumbukumbu, na kwenye ujumbe andika kwamba unarudisha fedha, mauzo hayajafanyika na silaha haijakabidhiwa. Kisha katika barua yako kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya weka haya: jina kamili la marehemu na tarehe ya kifo, namba ya leseni, namba ya silaha na ya TZCAR kama zilivyoandikwa kwenye leseni, idadi ya risasi, mahali bunduki ilipo sasa na nani anayeshika ufunguo, na namba yako ya simu. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki nayo.